Ukichaji gari nyumbani amplifaya inavuma: yaliyonikuta mimi

Mkuu, umeuliza kwa nini spika zako zinavuma kila ukichomeka gari, na kama ununue hiyo "mashine ya kusafisha umeme" wanayokushawishi dukani. Hela yako iache kwanza mfukoni. Nina Nissan Leaf iliyotoka Japani, nakaa Kigamboni, nina amplifaya ya kizamani yenye transfoma nzito, na hayo yako yote yalinikuta. Mwezi mzima nililisingizia gari. Kumbe ubovu ulikuwa wa nyumba.

Anza kwa kusikiliza mvumo unatoka wapi. Weka sikio kwenye boksi la amplifaya. Kama bati lenyewe linanguruma, hiyo ni transfoma, na hapo dawa yake ni nyingine. Kama sauti iko kwenye spika, tafuta kwenye ethi (waya wa usalama unaoshuka ardhini) na nyaya za sauti. Wangu ulikuwa kwenye spika, na tena taa za sebuleni zilikuwa zinafifia chaja ikianza kuvuta.

Nikachukua maltimita, kile kipima umeme cha mkononi. Soketi ya sebuleni ilisoma volti 228. Nikichomeka gari kwa ampea 13 inashuka hadi 214. Nikampigia fundi, akapima pale mita ya Luku: upande wa mtaani zilipotea volti 4 tu. Maana yake 10 zilikuwa zinapotelea kwangu. Waya wangu kutoka mita hadi meini swichi ni wa milimita za mraba 6, mita 25 hivi, na kwa mzigo ule unatakiwa kula volti 2. Hizo 8 zilizobaki, zidisha kwa ampea 13: wati 104. Yaani kuna mahali ukutani palikuwa panawaka balbu ya wati 100 na hakuna aliyeiona.

Tukazima kila kitu, tukafungua meini swichi. Skrubu ya nyutro, waya unaorudisha umeme, ilikuwa imelegea, bisibisi ilizunguka karibu nusu nzima kabla ya kukaza, na plastiki ya waya ilikuwa imeiva rangi ya chai ya maziwa kwa urefu wa kidole. Aliyefunga nyumba alikaza kwa haraka akaondoka. Pasi na birika zilikuwa hazipafichui kwa sababu zinawaka dakika chache na kuzima. Gari linavuta saa sita, saba, bila kupumua. Fundi alikata kile kipande kilichoungua, akachuna upya, akakaza. Volti zikawa 222 wakati wa kuchaji, na kati ya nyutro na ethi, palipokuwa na volti 11, zikabaki 3. Taa zikatulia.

Lakini mvumo ulibaki, umepungua tu. Hapa ndipo wengi wanapotea, na kuna mchangiaji mmoja anashauri ukate waya wa ethi kwenye plagi ya amplifaya. Usithubutu! Mvumo utaondoka kweli, ila siku transfoma ikivuja umeme, bati utakaloshika litakuwa na laivu, yaani umeme wenyewe wa kukurusha.

Nilichomoa nyaya za sauti moja moja huku gari likichaji. Nilipotoa waya wa dishi nyuma ya king'amuzi, kimya. Ndani ya chaja ya gari kuna kapasita za kuchuja makelele, nazo humwaga mkondo mdogo kwenye ethi muda wote. Ethi ikiwa nzuri huusikii. Ya kwangu ilikuwa fimbo fupi kwenye mchanga mkavu, kipimo cha fundi kikasoma zaidi ya omu 150, yaani umeme unashuka ardhini kwa shida, wakati nguzo ya dishi imesimama ardhini kivyake. Nyumba ikawa na ethi mbili zisizolingana, na njia ya kuziunganisha ikawa ganda la chuma lililo ndani ya waya wangu wa sauti, kati ya king'amuzi na amplifaya. Tulichimbia fimbo ndefu karibu na bomba la bafuni ambako ardhi haikauki, tukaifunga na nguzo ya dishi kwa waya mmoja. Mvumo ukaisha.

Na wewe unayetumia ekstensheni kuchaji, shika plagi baada ya saa moja. Ikichoma mkono, acha. Chaja ipewe waya wake toka kwenye boksi la breka, na breka yake, pamoja na kifaa cha kukata umeme ukivuja. Chaja yangu inakubali kupunguzwa hadi ampea 8, na ndivyo ninavyofanya wageni wakija kusikiliza taarab.

Kitu kimoja sijakimaliza: redio ya baba mkwe. Anasikiliza masafa mafupi, na chaja ikiwaka redio inakoroma hata ikitumia betri, kwa hiyo makelele yanapita hewani, si kwenye soketi. Nilivisha waya wa chaja vipete vya feraiti, vile vya kumeza makelele ya umeme, ikapungua kidogo tu. Siku hizi nachomeka gari saa sita usiku, mzee akishalala.