Kabla ya Kukata Tiketi za Misheni, Muulizeni Mwenyeji

Bwana asifiwe, wapendwa.

Wiki iliyopita dada mmoja aliniandikia ujumbe mrefu. Vijana wa kanisani kwao wamepata kibali cha kwenda misheni ng'ambo kwa wiki mbili, na yeye ndiye amechaguliwa kuwa mratibu. Ameuliza kuhusu michango, viza, nyimbo za kuandaa, fulana za sare, hata namna ya kupiga picha zitakazowafurahisha waliochanga. Nimeusoma ule ujumbe mara mbili nikitafuta kitu kimoja tu, na sikukiona. Hakuna mahali alipoandika kwamba wenyeji wao wameomba nini.

Dada yangu, hapo ndipo pa kuanzia. Na kwa kuwa najua hauko peke yako, nakujibu hapa mbele ya wote.

Mimi niliratibu safari ya namna hiyo. Nchi sitaitaja, mchungaji aliyetupokea ameomba hivyo na ana sababu zake. Nilipokabidhiwa faili, kamati ya misheni ilishamaliza kupanga. Kulikuwa na kwaya, igizo la mwana mpotevu, kupaka rangi darasa la shule ya Jumapili, na siku moja ya kuwatembelea yatima. Ratiba ilikuwa imechapwa kwa rangi na nembo juu. Nikauliza kama mwenyeji ameiona. Wakatazamana. Mwenyekiti akasema ataiona tukishafika.

Nikampigia yule mchungaji mwenyewe. Mwanzoni alinijibu kama anavyojibiwa kila mgeni anayedhaniwa kuwa na pesa: karibuni sana, lolote mtakaloleta tutalipokea kwa shukrani. Waratibu wengi huishia hapo. Wakisikia "lolote" wanadhani wamepewa ruhusa, kumbe wamepewa adabu tu. Mimi niling'ang'ana. Nikampigia tena, na tena, siku nyingine tukizungumza habari za watoto na za afya, misheni haijatajwa. Hadi siku moja akacheka, akaniambia, "Ndugu yangu, ukuta huo wageni wameshaupaka rangi mara mbili. Mkija na ninyi, mlango hautafunga."

Kisha ndipo akaniambia shida yenyewe. Kina mama wa kanisa lake walikuwa na vyerehani walivyopewa zamani, vimelala stoo, havishoni. Walikuwa pia na kikundi cha kuweka na kukopa ambacho kilikaribia kuvunjika kwa ugomvi wa daftari. Alichokuwa akihitaji ni fundi wa kutengeneza vyerehani na mtu wa hesabu. Basi.

Mtu wa hesabu ni mimi. Na fundi tulikuwa naye, mzee mkimya anayekaa benchi la nyuma, ambaye katika miaka yote hajawahi kuitwa mbele hata kusoma matangazo.

Niliporudi kwenye kamati na habari hiyo nilidhani watashangilia. Niliambiwa namzimisha Roho. Mzee mmoja wa kanisa alisema, kwa sauti ya kusikika hadi nje, kwamba kanisa halitumi watu kupeleka Injili ya sindano na daftari. Mwingine akadai nimepunguza idadi ya wasafiri ili posho ibaki kwangu. Nimeokoka, nimewasamehe. Lakini kusahau sijasahau. Posho yenyewe haikuwepo. Kila aliyesafiri alijilipia nusu ya nauli, na risiti zote zimo kwenye faili hadi leo. Anayetaka aje azihesabu.

Bwana Yesu alipowatuma wale sabini, katika Luka sura ya 10, aliwaagiza wakae katika nyumba itakayowapokea, wale watakachowekewa, wawaponye wagonjwa wa mji ule. Mgeni pale ndiye anayefuata utaratibu wa nyumba. Sijaona mstari unaosema wafike na ratiba iliyochapwa.

Basi, tulikwenda watu wachache. Habari za safari yenyewe nazipita, viwanja vya ndege vyote vinafanana.

Siku ya kwanza ya kazi, fundi wetu aliomba cherehani kibovu kuliko vyote. Akakilaza ubavu, akafungua kasha la bobini, akachukua kibanio na kuvuta kifundo cha uzi uliochanganyika na vumbi la pamba, kigumu kama gome. Sindano ilikuwa imegeuzwa. Mkanda wa gurudumu la chini ulikuwa umelegea. Akaukata kipande na kuuunga upya kwa pini yake ya waya. Matone machache ya mafuta, akazungusha gurudumu kwa mkono, polepole, sikio likiwa karibu na mashine. Kikashona. Kina mama wakapiga vigelegele, na mimi nikadhani sasa atavuta cha pili. Hapana. Akakifungua kilekile upya mpaka skrubu ya mwisho, akamwita binti mmoja, akamkabidhi bisibisi. Mkalimani alikuwa amekwenda kunywa maji, na hakuna aliyemkumbuka. Mpaka tunaondoka, fundi wetu alikuwa ametengeneza vyerehani vichache mno kwa mikono yake. Vingine vyote vilitengenezwa na yule binti na wenzake, yeye akiwa amekaa pembeni akinyoosha kidole.

Huo ndio upako ninaouelewa mimi.

Upande wangu, daftari la kikundi lilikuwa na safu moja tu: akiba, mikopo na marejesho vyote humohumo. Faini za wachelewaji ziliandikwa kwenye vikaratasi vilivyobanwa nyuma ya jalada, na vingine vilikuwa vimeshapotea. Katibu aliitwa mwizi bure. Tulikaa naye tukampa kila mwanachama ukurasa wake, tukaweka sheria moja kwamba mkutano haufungwi kwa sala kabla salio la kila mtu halijasomwa kwa sauti, mwenyewe akisikia. Ni kazi kavu, haina picha nzuri. Katibu alilia tulipomaliza, na mwenyekiti wa kikundi akaja kumshika mkono mbele ya watu.

Kuna atakayesema nyumba na kuta nazo ni huduma. Sikatai. Lakini mwishoni mwa Oktoba 1998 kimbunga Mitch kiliivunjavunja Honduras, na makundi ya makanisa kutoka Marekani na Kanada yakamiminika kujengea watu nyumba. Baadaye mtafiti Kurt Ver Beek, anayeishi hukohuko Honduras, alilinganisha familia zilizojengewa na wageni na zile zilizojengewa na mashirika ya wenyeji. Kwa familia zenyewe hakuona tofauti ya maana. Sasa chukua nauli za kikundi chenu chote, ziweke mezani, ujiulize zingelipa mafundi wangapi wa kulekule. Kama jibu linauma, muulize mwenyeji angependa nini: ninyi au nauli zenu. Akisema nauli, tumeni, mbaki nyumbani mkiomba. Na hiyo ni misheni.

Kuhusu yatima sina maneno laini. Siku ile ya kutembelea kituo niliifuta kwenye ratiba na nikalaumiwa kuliko kwa jambo lingine lolote. Mtoto anayekumbatiwa na mgeni Jumatatu na kuachwa Ijumaa, kisha akaletewa mgeni mwingine, hafaidiki chochote. Anayefaidika ni mwenye kamera. Na nia njema haimlindi mtu mbele ya sheria. Haiti ilipopigwa na tetemeko la Januari 2010, kikundi cha Wamarekani 10, wengi wao waumini wa Kibaptisti, kilizuiwa mpakani kikijaribu kuwavusha watoto 33 kwenda Jamhuri ya Dominika bila karatasi halali. Walikwenda kuokoa yatima. Ikaja kujulikana kwamba watoto hao walikuwa na wazazi walio hai. Wale wageni wakawekwa rumande. Kama mwenyeji ana huduma ya watoto, muulize familia zinasaidiwaje ili watoto wakae nyumbani, muisaidie hiyo.

Mambo ya karatasi nayapitia haraka. Angalieni pasipoti mapema, nchi nyingi zinataka iwe na miezi 6 mbele. Viza ya utalii si ruhusa ya kuhubiri wala kutibu watu. Muulize mwenyeji sheria ya kwao inasemaje, kwa sababu ninyi mtapanda ndege na yeye atabaki na polisi. Nepal, kwa mfano, sheria yake ya jinai iliyoanza kutumika 2018 inaweza kumfunga mtu hadi miaka 5 kwa kumbadilisha mtu dini. Chanjo ya homa ya manjano msiiache hadi dakika ya mwisho: cheti huanza kutambulika siku 10 baada ya kuchanjwa, ingawa tangu Julai 2016 kinadumu maisha yote. Dawa za kuzuia malaria hazikomi mkishapanda ndege kurudi; doxycycline inaendelea wiki 4, atovaquone-proguanil siku 7. Vijana huacha kumeza wakishafika nyumbani, halafu mnasikia mtu amelazwa. Na msikusanye dawa za mabaki kutoka kabati za waumini mkaziita msaada. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani unataka dawa ya msaada ifike ikiwa na angalau mwaka mmoja kabla ya kuisha muda wake. Mfamasia wa kule ndiye wa kuulizwa anakosa nini.

Mnaona ninarudia neno lile lile, ulizeni, ulizeni. Nitalirudia hadi mchoke, maana tunapenda mno kutumwa kuliko kuulizana. Tunafunga na kuomba siku nyingi tujue mapenzi ya Mungu kwa mji fulani, na katika mji huo kuna mtumishi wake mwenye simu mfukoni ambaye hakuna aliyempigia. Kiburi nacho huvaa fulana ya sare, wapendwa.

Mwezi uliopita yule mchungaji alinitumia ujumbe wa sauti. Vyerehani vinashona. Yule binti sasa analipwa kutengeneza vya majirani, hata wasio wa kanisa. Kikundi kimegawana akiba ya mwaka bila ugomvi. Niliucheza ujumbe huo kwenye kikao cha kamati, wote wakasema amina. Jumapili iliyofuata, yule mzee wa Injili ya sindano akasimama madhabahuni akatoa ushuhuda mtamu jinsi Mungu "alivyotupa maono ya kuwapelekea vyerehani". Hatukupeleka cherehani hata kimoja. Nilitazama benchi la nyuma. Fundi wetu alikuwa anapiga makofi pamoja na wengine.

Sasa, dada, maswali yako madogo. Fulana za sare acheni, fedha hiyo inunue vipuri au chochote atakachotaja mwenyeji. Picha piga ukishaomba ruhusa, na za watoto usizitume mtandaoni. Nyimbo fundishwa za kwao mkifika. Mahesabu yasomwe ibadani ndani ya mwezi mmoja wa kurudi, pamoja na chenji iliyobaki, hata kama hakuna aliyeuliza. Na ulilouliza mwishoni kwa kuzungukazunguka, kuhusu mtoto wa mwenyekiti anayetaka kwenda na hana kazi yoyote kule: abaki. Mwambie mapema, kabla baba yake hajatoa mchango.