Usiitupe Deki ya Zamani Kabla ya Kuifungua

Sebuleni kwetu Tanga, juu ya kabati la vyombo, kulikuwa na amplifaya, deki ya kaseti na spika mbili za mbao ambazo marehemu baba alizinunua katika miaka ya 1980, na ambazo kwa karibu miaka kumi zilifunikwa kitambaa cha kufuma na kuwekewa maua ya plastiki juu yake. Kila mtu nyumbani aliamini kwamba zimekufa. Tulinunua sabufa mpya, ikadumu masika mawili, kisha ikazimika, na fundi alipoifungua akakuta kazi yote inafanywa na kipande kimoja cha saketi ambacho hakukipata katika duka lolote. Hapo ndipo nilipoushusha mzigo ule wa zamani na kuanza kuufungua skrubu moja moja.

Tangu siku hiyo nimefungua vifaa vingi, vyangu na vya majirani, na nimeamini jambo moja: vifaa hivi haviharibiki katika sehemu zake za thamani. Transfoma huwa nzima, mota huwa nzima, na mara nyingi hata transista huwa nzima. Kinachokufa ni mpira uliolegea, sponji iliyooza, vumbi ndani ya swichi na kapasita (kipuri kinachohifadhi umeme) iliyokauka, yaani vitu vya bei ndogo ambavyo mtu makini anaweza kuvibadilisha mwenyewe mezani kwake.

Kazi iliyo ngumu ni kutambua ugonjwa, wala haihitaji vifaa vingi. Kama sauti inatoka upande mmoja tu, zima amplifaya, kisha hamisha waya za spika, ya kushoto iende kulia na ya kulia iende kushoto. Ukimya ukibaki kwenye spika ileile, tatizo ni spika hiyo au waya wake. Ukihamia kwenye spika ya pili, tatizo liko nyuma yake, kwenye amplifaya au kinachoilisha. Spika yenyewe hupimwa kwa betri ndogo ya volti 1.5: gusisha ncha za waya mara moja na kuachia, nayo itatoa mlio mfupi huku ngozi yake ikisogea. Nimewaona watu wakinunua amplifaya nyingine kwa sababu ya waya uliokatika ndani ya plastiki yake.

Deki ndiyo iliyonifundisha zaidi. Nilipobonyeza kitufe cha kuchezesha nilisikia mota ikizunguka, lakini kanda haikusogea. Nilipoondoa kifuniko cha nyuma nikakuta mpira unaounganisha mota na gurudumu zito umegeuka kitu kama lami, umeganda kwenye mifereji ya magurudumu, na vidole vyangu vikabaki vyeusi hadi siku ya pili. Nilitumia jioni nzima kuusugua kwa spiriti na kipande cha kanga iliyochakaa, kwa sababu mabaki kidogo tu yakibaki kwenye mfereji, mpira mpya huruka kila unapopita pale. Kisha nikazungusha uzi wa kushonea katika njia ambayo mpira ungepita, nikaukata na kuupima: sentimita 24.

Hapo nilikosea, na ningependa msomaji asirudie kosa hilo. Niliagiza Kariakoo mpira wenye mzingo wa sentimita 24 kamili, ukaja kwa basi, nikaufunga, na deki ikacheza kwa sauti inayolegea na kukaza kama mtu anayeyumba. Kanda ya kaseti hupita kwa mwendo wa sentimita 4.76 kwa sekunde, kwa hiyo mpira ukiteleza hata kidogo sikio hutambua mara moja. Mpira unatakiwa uwe mfupi kuliko uzi kwa takriban asilimia tano ili ukae kwa mkazo. Nilipoagiza wa sentimita 23 deki ilitulia, na bei ya mpira huo haikufikia nauli ya kuufuata. Fahamu pia kwamba wauzaji wengine hupima kwa kipenyo. Gawa mzingo kwa 3.14 kabla ya kupiga simu.

Ukiwa umeifungua deki, safisha kichwa kinachosoma kanda kwa kijiti cha pamba kilicholowa spiriti, mpaka pamba itoke bila unga wa kahawia. Unga huo unatoka kwenye kanda zenyewe, na ndio unaofanya sauti isikike kana kwamba mwimbaji yumo ndani ya mtungi. Kigurudumu cha mpira kinachoibana kanda nacho kisafishwe, kwa sababu kikiwa na utelezi au kikikakamaa, deki hula kanda, na sisi tuliokua tukizirudisha kwa kalamu ya wino tunajua uchungu wake.

Amplifaya yangu ilikuwa inakwaruza kila nilipogusa kitufe cha kuongeza sauti. Tiba yake ni dawa ya kupuliza ya kusafishia swichi za umeme, inayoingizwa kwenye tundu dogo la kitufe, kisha kitufe kizungushwe mwanzo hadi mwisho mara ishirini au thelathini. Usitumie mafuta ya bawaba wala ya cherehani, kwa kuwa hukusanya vumbi na kulirudisha tatizo likiwa kubwa zaidi.

Kapasita zinahitaji subira na hofu kidogo. Chomoa waya wa umeme ukutani, subiri, halafu pima kwa mita ya kupimia volti kapasita kubwa za karibu na transfoma, kwa maana zinaweza kubaki na umeme hata baada ya kuchomolewa. Ukikuta volti bado zipo, zitoe taratibu kupitia resista, yaani kipuri kinachopunguza mkondo wa umeme, ya omu 1000 yenye uwezo wa wati 5, wala usiziunganishe kwa bisibisi. Kapasita iliyovimba kichwani au iliyovuja ibadilishwe kwa yenye mikrofaradi zilezile na volti zilezile au zaidi, na mstari unaoonyesha upande hasi uelekee ulikoelekea mwanzo. Katika joto la pwani mimi huchagua zilizoandikwa nyuzi 105 badala ya 85, na hupiga picha ya saketi kabla ya kung'oa chochote.

Usiiwashe amplifaya moja kwa moja baada ya matengenezo. Mafundi wetu hutumia sirizi, yaani taa ya zamani ya wati 60 yenye uzi unaowaka, iliyofungwa kwa mfululizo na kifaa. Taa ikiwaka ghafla kisha ikafifia, endelea. Ikibaki inawaka kwa nguvu, kuna shoti ndani, nayo taa imekuokolea transfoma. Halafu pima matundu ya spika kwa mita kabla ya kuziunganisha: chini ya milivolti 50 ni salama, lakini ukiona volti kamili hapo, spika zako zitaungua, na huo ndio wakati wa kumpelekea fundi mzoefu. Mwombe akurudishie vipuri alivyotoa.

Kwa wanaonunua mitumba iliyotoka Japani, soma kibao cha nyuma kabla ya yote. Umeme wa kule ni volti 100, na wa kwetu ni 230. Jirani yangu alichomeka redio nzuri sana bila kusoma, na haikumaliza hata dakika moja.

Spika za baba zilikuwa na ukingo wa sponji uliosagika kama makombo ya mkate, jambo la kawaida kwa sponji za namna hiyo katika unyevu wa bahari. Niligundisha ukingo mpya wa mpira wenye kipimo kilekile, nikisukuma ngozi polepole kwa vidole na kusikiliza kama kuna msuguano, kisha nikaacha gundi ikauke usiku kucha.

Deki ikishapona, usianze na kanda unayoithamini. Mimi nilichezesha kwanza kanda mbili zisizo na maana kwetu, pande zote, nikiangalia kama zinajikunja. Ya tatu ilikuwa ya harusi ya dada yangu mkubwa, ya mwaka 1987, na kabla haijaanza kuzunguka nilikuwa nimeshaunganisha waya kutoka deki kwenda kwenye kompyuta ili irekodiwe mara ya kwanza inapopita. Mama alikuwa jikoni. Bibi alipopiga vigelegele ndani ya spika zile, mama alikuja na mwiko mkononi, akasimama mlangoni mpaka upande wa kwanza ulipokwisha.