Maswali Yenu: Fedha ya Zahanati na Kazi ya Ustawi wa Jamii

Swali: Mimi ni mjumbe wa Kamati ya Usimamizi ya zahanati, mkoani Lindi. Fedha imeingia kwenye akaunti ya zahanati, lakini mganga mfawidhi anasema hawezi kutoa hata lita moja ya mafuta ya pikipiki kwenda kwa wagonjwa waliopooza majumbani. Fedha ipo, kazi ipo. Mbona haitoki?

Jibu: Haitoki kwa sababu kazi hiyo haina kasma, yaani kifungu chake kwenye bajeti. Tangu mwaka wa fedha 2017/18, fedha za Mfuko wa Pamoja wa Afya, unaochangiwa na wafadhili, huingia moja kwa moja kwenye akaunti ya kituo badala ya kukaa halmashauri. Hilo ni jambo kubwa, na kamati zilizolielewa zimeng'ara. Lakini kila shilingi huja na kazi yake, iliyoandikwa kwenye mpango wa kituo na kuingizwa katika PlanRep, mfumo wa serikali wa kompyuta wa mipango na bajeti. Mganga akilipia kisichomo, mkaguzi ataandika hoja, na atakayeijibu ni yeye. Msimlaumu.

Kosa lilifanyika mapema, mpango ulipoandaliwa. Mwaka wa fedha huanza Julai 1, lakini mipango hukusanywa miezi mingi kabla. Ombi linalofika Mei limechelewa. Muulizeni mganga sasa hivi tarehe ya mwisho aliyopewa na halmashauri pamoja na ukomo wa bajeti, kisha iteni kikao kabla ya tarehe hiyo.

Kwenye kikao msiandike "kuhudumia wagonjwa wa nyumbani". Sentensi kama hiyo haina bei, na kisicho na bei hukatwa kwanza. Andikeni hivi: wagonjwa 24, kila mmoja atembelewe mara moja kwa mwezi, wagonjwa sita kwa safari, yaani safari nne kwa mwezi, lita tatu kila safari. Hiyo ni lita 144 kwa mwaka. Lita ikiwa shilingi 3,000, jumla ni 432,000. Hapo mtu wa mipango ana kitu cha kushika.

Jambo tunalolisisitiza kuliko yote: afisa ustawi wa jamii apande pikipiki hiyohiyo. Kwenye halmashauri, afya, ustawi wa jamii na lishe ni idara moja, ila huko vijijini kila mmoja anatembea na daftari lake. Muuguzi anapima presha na kukagua vidonda vya mgongoni, anaondoka. Baada ya wiki tatu afisa ustawi anafika nyumba ileile kuuliza nani anampikia mgonjwa, kama anapata ruzuku ya kaya maskini ya TASAF, na kama binti anayemuuguza ameacha shule. Kidonda hakiponi kwa sababu hakuna wa kumgeuza mgonjwa, na anayejua hilo ni yule wa pili. Waende pamoja, waandike pamoja.

Kwa mwaka huu ambao mpango umeshapita, njia iliyobaki ni kuomba uhamisho wa kasma. Kamati ikubaliane, muhtasari usainiwe, na barua iende kwa Mkurugenzi kupitia kwa Mganga Mkuu wa Halmashauri. Onyesheni fedha inatoka kifungu gani na kwa nini huko haitahitajika. Msitumie kwanza mkaomba baadaye.

Swali: Mama yangu ana miaka 71. Kumwona daktari ni bure, lakini dawa za presha tunaambiwa tukanunue dukani. Huo msamaha wa wazee una maana gani?

Jibu: Pole, ndugu msomaji. Sera inamsamehe mzee wa miaka 60 na kuendelea asiye na uwezo, lakini msamaha haujazi kabati la dawa. Kituo kinapomtibu bure bila mtu wa kukilipa, fedha ya kuagiza dawa nyingine inapungua, na wazee ndio wanaoumia mwanzo.

Suluhisho la pengo hilo ni halmashauri kuwakatia wazee bima kwa mapato yake ya ndani. CHF iliyoboreshwa (Mfuko wa Afya ya Jamii), iliyoanza 2018, ilitoza shilingi 30,000 kwa mwaka kwa kaya isiyozidi watu sita, nje ya Dar es Salaam. Kaya 40 ni shilingi 1,200,000, na kituo kinadai malipo kwa huduma kilizotoa. Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote ya 2023 imeleta utaratibu mpya, kwa hiyo ulizeni halmashauri kiwango cha sasa kabla ya kupiga hesabu. Jina la mama lianzie kwenye orodha ya kijiji, lipite kwa afisa ustawi, na diwani aitetee orodha hiyo kwenye bajeti. Hakikisheni jina na mwaka wa kuzaliwa vinalingana na kitambulisho. Herufi moja ikikosewa kadi hugoma dirishani.

Dawa ikikosekana Bohari ya Dawa, kituo kinaruhusiwa kununua kwa mshitiri wa mkoa, yaani muuzaji binafsi wa dawa aliyeteuliwa kuuzia vituo vya umma. Muulizeni mganga kama ameshaagiza huko.

Swali: Tunampa mgonjwa fomu ya rufaa kwenda ustawi wa jamii, hatusikii tena. Tufanyeje?

Jibu: Fomu iwe na nakala tatu: ya mgonjwa, ya kituo, na ya kurudishwa ikiwa imejazwa. Nyingi hupotea kwa sababu mgonjwa ndiye anayetegemewa kuirudisha. Mpigieni simu afisa siku hiyohiyo, na kila Ijumaa mtu mmoja aliyetajwa kwa jina apitie ambazo hazijarudi.