Ndege Ile Ile, Hewa Nyingine

Ukijifunzia urubani Dar es Salaam, ambako uwanja hauzidi futi 200 juu ya usawa wa bahari, ndege inakudekeza. Siku utakapoipeleka Cessna 172 hiyo hiyo, ndege ndogo ya watu wanne na injini moja, Arusha, ukataka kuruka saa saba mchana na abiria watatu, utadhani umebadilishiwa injini.

Piga hesabu. Uwanja wa Arusha uko futi 4,550 hivi. Kwa mwinuko huo, joto linalotumika kama kipimo cha kawaida ni nyuzi 6 tu. Kila nyuzi inayozidi hapo, ongeza futi 120. Kukiwa na nyuzi 28, ndege inahisi kama uwanja umepanda hadi futi 7,200 hivi. Injini isiyo na turbo hupoteza takriban asilimia 3 ya nguvu kwa kila futi 1,000, kwa hiyo zaidi ya moja ya tano imekwisha hata hujaachia breki. Propela na mabawa nayo yanahangaika na hewa nyepesi. Kinachowapumbaza wengi ni kipimo cha mwendo: kinasoma namba zile zile za Dar, kumbe magurudumu yanakimbia kasi zaidi na lami inaisha upesi.

Ndiyo maana Arusha mimi huondoka asubuhi na mapema, kabla joto halijapanda na mawingu hayajaanza kujikusanya Meru. Kwenye uwanja ulio juu ya futi 3,000, kabla ya kuruka napunguza mafuta kwenye mchanganyiko wa mafuta na hewa, injini ikiwa kwenye nguvu zote, hadi mizunguko yake ifike juu kabisa. Halafu nachagua alama katikati ya njia ya kurukia. Kama nanyanyua pua kwa noti 55 (maili za baharini kwa saa), pale katikati nataka nione 39. Nisipoziona, naondoa nguvu na kushika breki, hakuna mjadala.

Uzito ndio huleta ugomvi. Shemeji yangu aliwahi kunijia uwanjani na gunia la viazi, eti ni zawadi ya mama. Nikamwambia, “Shemeji, chagua: wewe au viazi.” Alinuna mpaka Dar. Viazi vikaja kwa basi, na mama alivila bila kuuliza vimesafiri vipi. Siku hizi naomba kilo za kila mtu na mzigo wake usiku wa kuamkia safari, kwa simu, maana kumkatalia mtu aliyekwisha kufunga mkanda ni kazi kubwa.

Mafuta napima mwenyewe kwa kijiti, geji siziamini. Nataka kutua na ya saa nzima yamebaki.

Wale mnaovuka kwenda Unguja kwa injini moja, kimo ndiyo bima yenu. Cessna 172 iliyozimika huteleza kama maili moja na nusu ya baharini kwa kila futi 1,000. Ukiwa futi 3,000, hizo ni maili nne na nusu, na upepo wa mbele unazipunguza. Katikati ya mkondo hazikufikishi nchi kavu. Panda juu kadiri mawingu na waongozaji watakavyokuruhusu. Majaketi ya kuokolea yavaliwe kabla ya kuwasha injini, na waambie abiria wasiyajaze hewa wakiwa bado ndani: maji yakiingia, jaketi lililojaa litamwinua mtu hadi darini na hataweza kuufikia mlango.