Kwa Wanaoanza Kuchunguza Merikebu za Mbao za Ziwa Michigan

Wengi wanaojiunga na uchunguzi wa merikebu za mbao zilizozama katika Maziwa Makuu ya Amerika Kaskazini huanzia siku chombo kilipopotea, kwa kuwa ndiko kwenye simulizi tamu na ndiko magazeti yalikoandika mengi. Nawashauri muanzie mbali zaidi, yaani kwenye kazi. Nitatumia mfano wa Rouse Simmons, skuna, yaani merikebu ya matanga, ya milingoti mitatu yenye urefu wa futi 123 hivi, iliyoundwa Milwaukee, katika jimbo la Wisconsin, mwaka 1868, ikazama katika Ziwa Michigan Novemba 1912 ikiwa imesheheni miti ya Krismasi. Chombo hiki kilifanya kazi miaka 44, lakini karibu kila anayekiandika hukiandika kwa alasiri yake ya mwisho tu.

Anzeni na hati za usajili. Umiliki wa chombo ulipobadilika, hati mpya ilitolewa ikionyesha vipimo vyake, bandari yake, wenye mali na fungu la kila mmoja. Ukizipanga hati hizo kwa miaka, utaona kuwa kwa muda mrefu Rouse Simmons ilikuwa mali ya Charles Hackley, tajiri wa mbao wa mji wa Muskegon, Michigan, na kwamba shehena yake ya kawaida ilikuwa mbao kutoka misitu ya Michigan. Hapo msome kwa makini, kwa sababu biashara ya mbao iliutesa mwili wa chombo kwa namna yake: mzigo ulijazwa tumboni kisha ukapangwa juu ya sitaha, upakiaji na upakuaji ulifanywa kwa haraka, na ubavu ulisuguana na magati msimu baada ya msimu. Chombo cha namna hiyo huishi kwa kalafati, yaani kuzibwa nyufa kati ya mbao, na kwa kubadilishiwa mbao zilizochoka, na kazi hiyo ina gharama. Kufikia mwaka 1912 nahodha wake, Herman Schuenemann, alimiliki sehemu moja tu kati ya nane za chombo. Kwangu mimi habari hiyo ina uzito kuliko maelezo mengi ya upepo, kwa sababu inatulazimisha kuuliza ni nani hasa aliyekuwa na sababu ya kugharimia matengenezo ya merikebu kuukuu ambayo soko lake lilikuwa linakufa.

Na soko lilikuwa linakufa kweli. Meli za mvuke na reli zilikwisha kuchukua shehena zenye faida, skuna zikabakiwa na mizigo ambayo wengine hawakuitaka. Miti ya Krismasi ilikuwa mojawapo. Ilikatwa kaskazini ya Michigan, ikapelekwa Chicago na kuuzwa kutoka sitahani karibu na daraja la Clark Street, mteja akipanda mwenyewe na kuchagua. Mtu huweza kudhani kuwa ni mzigo mwepesi usio na hatari. Lakini uangalieni kwa jicho la baharia: miti haiwezi kungoja hali ya hewa iwe nzuri, kwa kuwa baada ya tarehe 25 Desemba haina thamani, inarundikwa juu sana kwenye sitaha, na matawi yake hunasa maji na theluji, ambayo katika baridi ya Novemba hugeuka barafu na kuongeza uzito mahali pasipofaa kabisa. Wala familia ya Schuenemann haikuwa geni kwa hatari hiyo, kwani August, kaka yake Herman, alipotea mwaka 1898 pamoja na skuna S. Thal katika biashara hiyohiyo ya miti.

Baada ya kuyajua hayo, ndipo mfungue kumbukumbu za vituo vya uokoaji. Rouse Simmons iliondoka bandari ndogo ya Thompson, Michigan, tarehe 22 Novemba. Kesho yake alasiri kituo cha Kewaunee, katika pwani ya Wisconsin, kiliiona maili kadhaa kutoka ufukweni, ikielekea kusini huku bendera yake ikipepea nusu mlingoti, ishara ya kuomba msaada. Kituo hicho hakikuwa na boti ya injini, hivyo mkuu wake akapiga simu kituo cha Two Rivers, ambacho kilipeleka boti yake. Waokoaji wakatafuta katika theluji na giza bila kuikuta. Maandishi ya zamu ni makavu, na ukavu huo ndio faida yake. Yaliandikwa wakati kazi ikiendelea, na mtu aliyetakiwa kueleza kwa wakuu wake alichokifanya. Yalinganisheni na magazeti, ambayo yalitoa idadi zinazopishana za waliokuwamo chomboni, na pia na hadithi za baadaye, kama ile ya panya walioihama merikebu kabla haijang'oa nanga. Kwa kila chanzo ulizeni kiliandikwa lini, na kiliandikiwa nani.

Mabaki yenyewe yaligunduliwa mwaka 1971 na mzamiaji Kent Bellrichard, yakiwa katika kina cha futi 165 hivi. Kina hicho kimepita mipaka ya uzamiaji wa kawaida wa starehe, na maji ni baridi kali. Asiye na mafunzo maalumu asijaribu, kwani sehemu kubwa ya utafiti hufanyika mezani hata hivyo. Sisi tuliokulia karibu na majahazi, tunaojua kwa nini chombo hupandishwa pwani na kupakwa shahamu, hustaajabu tunapoona picha za mabaki hayo kwa mara ya kwanza: mbao zimesimama, na miti ya Krismasi bado imo tumboni. Wale wadudu wa baharini wanaotoboa mbao hawaishi katika maji yasiyo na chumvi. Siku hizi, hata hivyo, kome wageni walioingia katika maziwa hayo wamefunika mabaki mengi na kuficha alama za seremala, kwa hiyo picha za zamani zitunzeni na kuzilinganisha na mpya.

Jambo jingine ni mahali kitu kilipolala. Nanga ya Rouse Simmons ilipandishwa na sasa imewekwa katika klabu ya mashua ya Milwaukee, ambako inapendeza sana lakini haiwezi tena kutuambia mnyororo wake ulielekea wapi. Gurudumu la usukani lilinaswa na wavu wa wavuvi mwaka 1999, mbali na mabaki yenyewe, na umbali huo ni ushahidi mzito kuliko gurudumu lenyewe, kwa sababu unafungua swali la iwapo chombo kilipoteza usukani kabla ya kuzama. Andikeni mahali kwanza, kitu baadaye.

Msifunge faili kwenye mwaka 1912. Mwaka 1924 wavuvi walinasa pochi ya nahodha, iliyofungwa kwa kitambaa kisichopitisha maji, karatasi zikiwa bado zinasomeka. Mjane wake, Barbara, pamoja na binti zake waliendelea kuuza miti Chicago kwa miaka mingi, na baadaye miti ikawa inafika mjini kwa treni. Matangazo na habari za biashara yao yamo katika magazeti ya mji huo, na bado watafiti wachache wameyapitia kwa utaratibu.