OK ya Boston na "ok" ya Ahero

SWALI: Mwalimu, habari yako? Mimi ni wa Kimilili, nikaolewa Ahero, na sasa tunaishi Kisumu. Juzi mama mkwe aliniandikia kwenye simu kuuliza kama tutafika Jumamosi. Nilikuwa jikoni, nikajibu haraka, "ok". Mara akampigia mume wangu kulalamika kwamba nimekataa! Shemeji naye anasema hilo ni neno la mkosi, lilitoka kwa wanajeshi wa Vita vya Pili vya Dunia: O ni sufuri, K ni "killed", waliouawa. Ni kweli?
Mke wa Ahero

JIBU: Pole, binti yangu, ingawa umenichekesha. Mama mkwe hakukosea. Kwa Kiluo "ok" ni ya kukanusha: ok adwar, sitaki, ok ang'eyo, sijui. Umemwachia kikanushi kitupu kisicho na kitenzi, naye akajijazia.

Aliyepotea ni shemeji. Vita hivyo vilianza 1939, na OK ilikuwa imechapishwa miaka 100 kabla, katika Boston Morning Post la Marekani, Machi 23, 1839. Waandishi wa magazeti wa Boston walikuwa na mchezo wao: waharibu tahajia makusudi, kisha wafupishe. "All correct", yaani yote sahihi, wakaigeuza "oll korrect", ikabaki OK. Neno linajigamba kuwa yote ni sahihi, na herufi zake mbili zote zimekosewa!

Nilifundisha Kakamega miaka mingi, na sijui ni kalamu ngapi nyekundu zilizoisha nikikata "xaxa" na "cjui" kwenye insha za watoto. Nikisoma habari za Boston, namwona mwalimu mwenzangu wa 1839 akiikata OK kwa hasira ileile.

Vifupisho vingine vya mchezo huo, kama OW ya "oll wright", vilikufa. OK iliponea kwenye siasa. Mwaka 1840 Rais Martin Van Buren alikuwa anatafuta muhula wa pili. Kwao ni Kinderhook, jimbo la New York, basi wafuasi wakamwita Old Kinderhook, Mzee wa Kinderhook, wakaunda hata klabu ya OK. (Sisi tuliozoea kusikia Raila Odinga akiitwa Agwambo hatuwezi kuwashangaa.) Alibwagwa na William Henry Harrison, lakini herufi zake zilikuwa zimeshaenea. Wapinzani nao walivumisha kwamba mwenye kosa ni Andrew Jackson, rais aliyemtangulia, eti hakujua kuandika. Uvumi mwingi wa aina hiyo ulivuma hadi miaka ya 1960, Allen Walker Read, mtaalamu wa lugha, alipofukua magazeti ya zamani akaonyesha mchezo ulipoanzia.

Kwa hiyo shemeji asikutishe na maiti. Mama mkwe mwandikie "wabiro", tunakuja, na Jumamosi mfike mapema, sukari mkononi.