Meno manne ya mbele hayatoshi kuamua upana wa taya

Dada yangu wa Chake Chake, umeuliza kama upana wa meno manne ya mbele ya juu unatosha kuamua mwanao atanuliwe taya. Hesabu hiyo aliitoa Pont, daktari wa meno Mfaransa, mwaka 1909: jumla ya upana wa meno hayo ikiwa milimita 32, ukigawa kwa 0.80 unapata milimita 40, upana unaotakiwa baina ya magego madogo ya kwanza ya kulia na kushoto, na kwa 0.64 unapata 50 baina ya magego makubwa ya kwanza. Mimi siitegemei, kwa kuwa aliwapima Wafaransa, na uchunguzi wa baadaye kwa watu wa asili nyengine umeonyesha uhusiano dhaifu. Tafadhali muombe daktari akuonyeshe, kwenye mfano wa plasta wa meno yake, magego ya juu yanavyokaa juu ya yale ya chini mtoto anapouma.